Chifu na wazee watatu wamesaini, mbona bado watu wamefunga barabara?

Swali limetoka kwa kijana mmoja, nimelifupisha: "Mama, habari. Mimi ni meneja wa mradi kwa kampuni ndogo ya sola. Tunataka kukodi ekari 500 za ardhi ya jamii huku Samburu. Tulifanya baraza mwezi wa pili, watu kama 70 wakaja na wakasaini, chifu na wazee watatu wakasaini, MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) anatuunga mkono. Juzi wapimaji wameenda kuweka vigingi, vijana na akina mama wakafunga barabara na kung'oa vigingi vyote. Na kwenye mkataba tumewawekea madarasa mawili na kisima! Mwenye pesa anataka jibu kabla ya mwaka kuisha. Tumekosea wapi na tunarekebisha aje? Hawa vijana tuwape kitu watulie?"

Ndugu yangu, kwanza asante kwa kuuliza sahii, kwa sababu wengi wananitafuta wakati polisi washaitwa na watu washaumia, na hapo kazi inakuwa ngumu mara kumi. Wewe bado una nafasi. Nitakujibu kwa urefu maana hii kazi ya kukaa katikati ya kampuni na jamii za wafugaji nimeifanya zaidi ya miaka 20 na hicho ulichoandika nimekiona tena na tena, karibu neno kwa neno.

Tuanze na huo mwezi wa pili. Februari Samburu ni kiangazi, na kiangazi ng'ombe hawako nyumbani, wako fora, yaani kambi za malisho za mbali sana, na vijana wako nao, wengine wametembea siku nyingi kufuata majani, na akina mama wengi asubuhi yote wako kwenye laga, ule mto wa mchanga unaokauka kiangazi, wanachota maji. Sasa waliobaki kuja kwa baraza lenu ni akina nani? Ni wazee, ni wenye maduka pale senta, ni wale wanaoishi karibu na ofisi ya chifu. Si watu wabaya, lakini si hao wanaochunga kwenye hizo ekari 500. Halafu mvua imekuja, vijana wamerudi na ng'ombe, wamekuta watu wa kofia za plastiki wanapiga vigingi pale ng'ombe wao hulala. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kwa hivyo usiandike kwenye ripoti yako kwamba kuna "wachochezi", nimeona hilo neno likiua miradi, ukishamwita mtu mchochezi humsikilizi tena.

Jambo la pili, hao 70 walisaini nini? Nauliza hivi kwa sababu ya kitu nilichokiona kwa macho yangu. Kampuni moja, sitaitaja, ilifanya mkutano chini ya mgunga, watu wakapewa chai na mia tano ya nauli, na kila aliyepokea akaweka jina ama kidole gumba kwenye karatasi, kawaida tu kama mikutano yote. Mwaka uliofuata nikaitwa kusaidia maana kuna kelele. Nikapewa faili. Nyuma ya mkataba kumebanwa ile ile karatasi ya nauli, ila juu yake imeongezwa ukurasa wenye kichwa kinachosema hii ni orodha ya wanajamii waliokubali mradi. Nilienda nayo kijijini nikakaa na mama mmoja mtu mzima, nikamwonyesha alama yake ya kidole, ile wino ya zambarau, akaishika karatasi akaiangalia muda mrefu sana kisha akauliza kwa Kimaa, mtoto wake akanitafsiria, "hii ni ile siku ya chai?" Hakukasirika mbele yangu. Lakini siku ile ndio nilielewa kwamba pale hakuna kitu nitaweza kujenga juu ya ile faili, tulianza upya kabisa. Kwa hivyo leo leo enda kwa faili yako utoe hiyo karatasi ya watu 70 usome kichwa chake, na ujiulize wakati mtu anasaini alikuwa anaona hicho kichwa na kinasomwa kwa lugha yake au la.

Sasa sheria, nitapita haraka. Chifu ni mwajiriwa wa serikali ya kitaifa. Anaweza kukuitia baraza, anaweza kukutambulisha, lakini ardhi si yake na sahihi yake haitoi hata futi moja. MCA vile vile. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 63 inasema ardhi ya jamii ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema jamii inaamua kwa mkutano mkuu wa wanajamii, na inachagua kamati ya watu kati ya 7 na 15 kuisimamia ardhi. Kifungu cha 36 ndicho chako kabisa, kinahusu mikataba ya wawekezaji, na kinasema mkataba hauna nguvu mpaka upite kwenye mkutano ulioitwa kwa ajili ya hiyo ofa, theluthi mbili ya memba watu wazima wawepo na theluthi mbili wakubali. Tuseme memba ni 900, basi mkutano wa watu 599 hauna akidi. Wewe ulikuwa na 70.

Na hapo kuna mtego mwingine. Kule kwingi kulikuwa na zile grupu ranchi za sheria ya 1968, yaani ardhi ya malisho iliyoandikishwa kwa kikundi, na rejista zake za zamani ziliandikwa majina ya wanaume wenye boma, wake hawamo, vijana waliozaliwa baadaye hawamo, na wengi walioandikwa washafariki. Sheria mpya inahesabu watu wazima wote, mke aliyeolewa pale ni memba. Ukikimbia kwa rejista ya zamani utapata theluthi mbili ya watu ambao nusu yao wako kaburini, na akina mama waliong'oa vigingi watakuuliza wao ni wageni wa nani. Na kama hiyo jamii bado haijasajiliwa basi kaunti inashikilia ardhi kwa niaba yao tu, haina ruhusa ya kuiuza wala kuigawa, kwa hivyo mtu yeyote wa kaunti akikuambia "hiyo mtuachie sisi" usikubali. Subiri isajiliwe, na kama unaweza saidia usajili bila kuweka masharti yoyote.

Najua utaniambia makampuni makubwa yamepita bila hayo yote. Yamepita, na angalia ilivyokuwa. Pale Laisamis kaunti ya Marsabit kuna ule mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365, megawati kama 310, mkubwa kuliko yote nchini. Ardhi iliyotolewa ilikuwa ekari 150,000, ikapitishwa zamani kupitia halmashauri ya kaunti wakati sheria ilikuwa ya ardhi ya udhamini. Wakazi wakaenda kortini 2014, na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi kule Meru ikasema hati zile zilipatikana kinyume cha sheria. Fikiria hiyo, mitambo imesimama inazunguka, stima iko kwenye gridi tangu 2018, na korti inasema hati ina kasoro kwa sababu hatua za mwanzo kabisa hazikufuatwa. Na wewe una ekari 500 na kampuni ndogo, huna nguvu ya kubeba kesi ya miaka saba.

Lamu nayo. Ule mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulifutiwa leseni ya mazingira na baraza la rufaa la mazingira Juni 2019, na sababu kubwa moja ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi. Mikutano ilikuwepo! Lakini ilifanywa mwanzoni kabla ripoti yenyewe haijakamilika, na ripoti ilipotoka, kurasa na kurasa, watu wenyewe hawakupewa nafasi ya maana ya kuijadili. Sasa linganisha na baraza lako, siku ile watu walikuwa wanajua nini kuhusu huo mradi? Walijua waya utapita wapi? Walijua uzio utafunga njia gani? Kule Olkaria pia, wakati Wamaasai walihamishwa 2014 kupisha stima ya mvuke, malalamiko yalifika mpaka kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, na moja ya kasoro zilizoonekana ni kwamba Kimaa hakikutumiwa vya kutosha na wazee wa kimila wakawekwa pembeni, ikabidi watu wakae chini kupatanishwa upya. Lugha tu hiyo. Mkutano wako uliendeshwa kwa Kiswahili au Kiingereza, nakisia, na mkalimani alikuwa kijana wa chifu.

Lakini mimi naona kosa lenu kubwa liko kabla ya hayo yote, liko kwenye ramani. Mliangalia picha ya setilaiti mkaona tambarare, haina nyumba, haina shamba, karibu na laini ya stima, mkasema hapa ni wazi hapana mtu. Hakuna ardhi wazi kule ndugu yangu. Acha nikuelezee siku moja.

Tulikuwa na ekari mia tatu na kitu hivi za kuangalia, kwenye karatasi zote zimeandikwa "haitumiki". Nikaomba tuitembee kwa miguu, mzee mmoja, mama wawili na kijana mmoja aliyekuwa ametoka fora, mimi na kidude cha kupima mahali. Hatukufika mita 400 mama mmoja akasimama, akasema hapa ndio ndama hubaki. Kumbe ng'ombe wakubwa wakienda mbali, ndama na mbuzi waliozaa hawawezi safari, kwa hivyo kuna ukanda wa majani karibu na nyumbani ambao ng'ombe wakubwa hawaruhusiwi kulishwa hata njaa ikiuma, unahifadhiwa kwa ajili ya hao wadogo, na wanaousimamia ni akina mama na watoto. Kwenye setilaiti ni majani tu. Tukaendelea, kijana akatuonyesha mahali udongo ni mweupe kidogo, kuna mashimo mashimo yaliyolambwa mpaka yakawa laini kama bakuli, pale mifugo hulamba chumvi, na ng'ombe wa kutoka mbali sana huletwa pale. Mzee yeye hakusema kitu mpaka tukafika kwa mti mmoja, akasimama mbali nao, akasema huku hatupiti. Sikuuliza kwa nini. Jioni tukiwa kwa chai akaniambia mwenyewe kwamba pale pamewahi kujengwa lorora, ile manyatta kubwa ya sherehe za rika, na mahali hapo hapachezewi. Na mwisho kabisa tulivuka laga, iko kavu, mchanga mtupu, mimi ningeiandika "mkondo mkavu", wao wakaniambia kila shimo la maji mle ndani lina wenyewe, shimo hili la ukoo huu, lile la ukoo ule, na zamu za kunywesha zinajulikana. Kidude changu kilirudi na alama 41 kwenye ardhi isiyotumika.

Sasa wewe umeweka uzio kwenye michoro yako. Je, uko juu ya majani ya ndama? Unafunga njia ya kwenda kwa chumvi? Ona waliong'oa vigingi ni vijana na akina mama, na si kila mtu. Mimi nikisikia hivyo kitu cha kwanza nawaza ni ndama. Naweza kuwa nimekosea lakini ningeanzia kuuliza hapo.

Kurekebisha. Simamisha upimaji, yaani kabisa, mashine zirudi Nairobi, na usiweke walinzi wala usiombe polisi kusindikiza mtu. Usifungue kesi ya vigingi, ni vyuma vya bei gani hivyo. Halafu tuma ujumbe kupitia mtu wanayemwamini, si chifu safari hii, kwamba mmekosea utaratibu na mnaomba kukaribishwa kuja kuomba radhi. Kukaribishwa, si kuja tu. Na uliza wazee wao wenyewe kuomba radhi kwao kunafanywaje, maana kuna namna yake na mkikosea hiyo tena ni balaa. Bosi wenu aje mwenyewe, sio wewe peke yako, watu wa kule wanajua haraka sana nani ana uamuzi na nani ametumwa.

Baada ya hapo nyamaza kidogo na wao waongee. Kutakuwa na mikutano mingi na mingine haitakuhusu, wataongea wenyewe kwa wenyewe bila wewe, na hiyo ni haki yao, wapeni nafasi. Akina mama ombeni kukutana nao peke yao, na mwanamke ndiye aendeshe, kwa sababu kwenye baraza la pamoja wengi hawatasimama kuongea mbele ya wakwe. Vijana nao vivyo hivyo. Panga kalenda yako kwa mvua, si kwa robo ya mwaka ya mhasibu, uamuzi mkubwa ungoje miezi ambayo watu wamerudi na mifugo.

Jamii iwe na wakili wake. Najua pesa hawana na ni nyinyi mtalipa, lakini wamchague wao na pesa zipite kwa mtu wa tatu ili asije akawa wakili wenu kwa mlango wa nyuma. Makampuni mengi wanaogopa hili, wanaona wanamnunulia mpinzani silaha. Mimi nimeona kinyume, mkataba uliosomwa mstari kwa mstari na wakili wa upande wa pili ndio unaodumu, maana hakuna mtu atakuja kusema miaka mitano baadaye kwamba hakuelewa.

Na ndani ya huo mkataba kifungu cha 36 kinataka mambo mengi ambayo nina wasiwasi hayamo kwa wenu: tathmini ya athari za mazingira, za kijamii na za kitamaduni, ufuatiliaji unaoendelea, fidia na mrabaha, kufundisha watu wa pale kazi na teknolojia, na kurudisha ardhi katika hali yake mradi ukiisha. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Paneli zinazeeka, na kampuni inaweza kufilisika. Nani atang'oa zege?

Madarasa mawili na kisima sasa. Usichukie nikisema hivi, lakini madarasa na maji ni kazi ya serikali, na wao wanajua, kwa hivyo ukiwapa hivyo kama ndio malipo ya ardhi yao kwa miaka 25 au 30 unawaambia kwamba ardhi yao haina bei. Kisima chenyewe kinaweza kuleta shida, ukichimba maji mahali pa majani ya kiangazi mifugo watakaa pale mwaka mzima na majani yataisha, kwa hivyo hata mahali pa kuchimba wao waseme. Anza na kodi ya kila mwaka inayopanda, na sehemu ya mapato ya stima, iingie kwa akaunti ya jamii na hesabu zisomwe mbele ya mkutano mkuu kwa Kimaa, shilingi kwa shilingi. Halafu stima. Nimelala kwenye manyatta ambazo nyaya za voltiji kubwa zinapita juu na ndani watoto wanasoma kwa tochi ya simu. Kwa kampuni ya sola hiyo ni aibu ambayo mnaweza kuiondoa bei rahisi kabisa, wekeni kwenye mkataba tarehe ambayo zile boma za jirani zitawaka, na iwe kabla ya stima yenu kufika kwa gridi.

Kuhusu mwenye pesa anayetaka jibu kabla ya mwaka kuisha. Mwambie ukweli. Mwambie kule Kinangop mradi wa upepo wa megawati kama 60 ulikufa 2016 kwa sababu ya mgogoro na wakazi, pesa zikiwa zishamwagika, na wakazi wale walikuwa wakulima wenye hati zao binafsi. Kama anafuata viwango vya IFC, lile tawi la Benki ya Dunia linalofadhili kampuni binafsi, kile cha saba ni cha jamii za asili na kinazungumzia ridhaa ya hiari, ya mapema na yenye taarifa kamili, kwa hivyo kucheleweshwa kwa sababu hii kuko ndani ya sheria zake mwenyewe. Na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilishaamua kesi ya Waendorois wa Ziwa Bogoria 2010, ikasema miradi mikubwa kwenye ardhi yao inahitaji ridhaa yao kwa mila zao, na kushauriana peke yake hakutoshi. Uamuzi huo unahusu Kenya hii hii.

Jiandae pia kwa hapana. Naomba uliweke moyoni kabla hujarudi kule, kwa sababu watu wanakusoma usoni. Kama hakuna njia yoyote ambayo wao wangesema hapana na wewe ukaondoka, basi hata ile ndiyo yao haina maana, na wanajua. Inaweza kuwa hapana kwa pale tu, ukisogea kilomita tatu upande wa mawe ambako ndama hawali wakakubali. Hiyo nimeiona mara nyingi kuliko hapana ya moja kwa moja. Lakini nyingine ni hapana kamili na unaondoka, unawashukuru.

Vijana usiwape kitu watulie. Ukimlipa aliyefunga barabara, umemwambia kila mtu kwamba njia ya kusikika ni barabara, na umewagonganisha na wazee wao. Waombe badala yake wachague wawili kati yao, na akina mama wachague wawili, wawatembeze hizo ekari zote kutoka kona mpaka kona, siku nzima, bila vigingi. Siku hiyo walipe kama mnavyomlipa mpimaji wenu, kwa sababu ni kazi ya upimaji. Acha gari mbali, lile lenye jina la kampuni usilikaribishe. Usiende asubuhi wakati wanakamua, ngoja mbuzi watoke kwanza. Beba maji ya kuwatosha wote na daftari, na swali la kwanza mwulize mama: mvua ikikataa, ndama hubaki wapi?